Vifaa vya Kamera Nchini Uganda: Mwongozo Kamili wa Kuvitumia na Kuvilinda Dhidi ya Umeme, Unyevu na Vumbi

Mpiga picha wa harusi wa Kampala, Arua au Jinja hukwamishwa na kamera yenyewe mara chache. Kinachomkwamisha ni betri iliyovimba ikagoma kutoka, memori kadi inayodai haina kitu ilhali asubuhi ilijaa, fleshi inayowaka mara moja kisha inalala, au skrubu ya tripodi iliyodondoka njiani juu ya bodaboda. Kamera ya mamilioni ya shilingi inasimamishwa na kijiskrubu ambacho bei yake haizidi sahani ya matoke. Kwa hiyo, ukiwa na pesa kidogo na unajiuliza kama ununue lenzi mpya au la, jibu langu ni moja: kwanza kadi nzuri, betri za akiba na mahali pakavu pa kuhifadhia. Lenzi itasubiri.

Anza na umeme

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Kabla hujachomeka chaja yoyote, igeuze usome maandishi madogo ya mgongoni. Ukiona 100–240V, 50/60Hz, huna wasiwasi. Unahitaji adapta ya pini tatu tu. Ukiona 120V peke yake, simama hapo hapo. Hali hiyo hutokea sana kwa taa za studio zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua, tena papo hapo. Itakubidi utafute transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi zile za taa yenyewe.

Umeme ukikatika, si kukatika huko kunakoua chaja. Kinachoua ni kurudi kwake, kwa sababu mara nyingi huja na mruko wa volti. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano hivi ndipo uchomeke tena. Kile kiboksi ambacho watu hukifunga kwenye friji ili kichelewe kuwasha na kizuie volti mbaya kinafaa kabisa kwa chaja za kamera, na wachache sana hukitumia hivyo.

Shughulini mambo ni magumu zaidi. Kwenye kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, jenereta moja inabeba spika za DJ, taa za hema na wakati mwingine friji ya soda. Muziki ukipanda, taa zinafifia. Kila zinapofifia ujue na chaja yako inateseka. Njia salama ni kuweka pawabenki katikati: jenereta ichaji pawabenki, pawabenki ichaji betri. Kamera nyingi za miaka ya karibuni hupokea umeme kwa waya wa USB-C, na zipo chaja za betri zinazotumia waya huo huo. Ikiharibika, imeharibika pawabenki, na kazi inaendelea. Mbinu hii inafaa pia kule vijijini ambako kuna sola tu.

Betri

Betri ya kamera ni ya lithiamu. Usiisubiri iishe kabisa ndipo uichaji. Desturi hiyo ilitoka kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, na kwa lithiamu inafupisha maisha. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache ikiwa na chaji ya nusu hivi, nje ya kamera, mahali pa baridi. Joto ndilo linaloichosha kuliko kitu kingine. Begi jeusi lililoachwa ndani ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana linaiua betri polepole, na hutaona dalili mpaka siku ya kazi kubwa.

Ukinunua, ziandike namba kwa kalamu ya maka: 1, 2, 3. Zitumie kwa zamu. Baada ya miezi michache utajua ipi inachoka mapema, na hiyo ndiyo ya kubaki kama akiba ya mwisho. Kila mara kabla ya kuzipanga begini, ilaze kila betri juu ya kioo au meza bapa kisha uisukume kwa kidole izunguke. Betri nzima hukwama kwa msuguano. Iliyovimba huzunguka kirahisi kwa sababu inagusa meza kwenye tumbo lake tu. Hiyo usiirudishe kwenye kamera, maana itakwama ndani na kuitoa itakuwa kazi ya fundi. Usiitoboe, na usiitupe kwenye takataka zitakazochomwa moto. Ziba vituo vyake, yaani vile vipande vya shaba vya kupitishia umeme, kwa selotepu, uiweke mbali na vitu vinavyowaka, uipeleke kwa wanaokusanya vifaa vya umeme vilivyokufa.

Vituo vikiingia weusi, visugue taratibu kwa raba ya penseli, halafu upangushe kwa kitambaa kikavu. Betri inayobebwa mfukoni iwe na kifuniko chake cha plastiki. Sarafu na funguo zinaweza kuunganisha vituo na kuwasha moto.

Kwa fleshi inayotumia betri nne ndogo za AA, achana na zile za kutupa. Nunua za kuchaji za NiMH, kama Eneloop. Kwenye karatasi zinaonekana dhaifu, volti 1.2 dhidi ya 1.5, lakini zinatoa umeme kwa kasi zaidi, kwa hiyo fleshi hujaa upya haraka. Zifunge nne nne kwa mpira, zitumike pamoja na kuchajiwa pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu. Na kama tayari una fleshi ambayo betri za kutupa zimevuja ndani na kuacha unga mweupe, unga huo ni wa asili ya alkali: dondosha siki au maji ya limau kwenye pamba ya masikio, sugua, kisha pangusa kwa pamba yenye maji kidogo na uache ikauke kabisa.

Wanaopanda Rwenzori wajue jambo moja. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109, na kwenye baridi ya huko betri iliyojaa huonyesha imekwisha. Haijafa. Iweke kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ikipata joto itarudi.

Memori kadi

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, mathalani 170MB/s, ni kasi ya kusoma. Wewe mpiga picha unahitaji kasi ya kuandika, na hiyo inasomeka kwenye alama ndogo. Class 10 na U1 maana yake ni megabaiti 10 kwa sekunde bila kushuka. U3 na V30 ni 30. V60 ni 60. Kwa picha za kawaida na video nyingi za 4K, V30 inatosha.

Kadi bandia zimejaa kila soko, na kwa kifungashio chake huwezi kuitofautisha kwa macho. Kadi inaandikwa 128GB lakini ndani ina 8. Picha zikizidi hapo zinaandikwa juu ya nyingine au zinapotea, bila kamera kukwambia chochote. Kabla ya kuipeleka kazini, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu huijaza kadi yote kisha huisoma tena yote. Inachukua muda, iache ifanye kazi usiku.

Ukishahamisha picha sehemu mbili tofauti, fomati kadi ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Usifungue mlango wa kadi wakati taa nyekundu bado inamulika. Na mimi nashikilia kwamba kadi mbili za 64GB ni bora kuliko moja ya 128: moja ikigoma, nusu ya harusi ipo. Kama kamera ina nafasi mbili, iweke iandike kote kuwili na usifikirie mara ya pili.

Picha zikifutika kwa bahati mbaya, acha kupiga mara moja. Zilizofutwa bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sukuma kile kifungo kidogo cha pembeni kwenye kadi kuelekea upande wa kufungwa, halafu tumia PhotoRec, ambayo ni ya bure, kuzichota kwenda kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Kifungo hicho kikikatika, kamera itasema kadi imefungwa. Kipande chembamba cha selotepu juu ya pengo lake kitakuvusha siku hiyo, halafu ununue nyingine. Ukienda kuchapisha picha kwenye kibanda cha mjini, usimkabidhi mtu kadi yako ya kazi. Mpe nakala kwenye flashi diski ya USB. Kompyuta inayochomekwa flashi za mji mzima ina virusi vya mji mzima.

Unyevu, na kuvu inayokula lenzi

Hapa ndipo wengi wanapopoteza mali bila kujua. Kusini mwa nchi tunapata mvua misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na ukiwa Entebbe, Jinja au visiwa vya Kalangala, ziwa linaongeza unyevu wake mwaka mzima. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 na kukaa hapo, hasa gizani na mahali pasipopitisha hewa. Yaani ndani ya begi la kamera lililofungwa zipu chini ya kitanda. Mfuko wa ngozi ni mbaya zaidi, kwa sababu ngozi hunyonya maji na kuyahifadhi.

Kagua hivi, mara moja kwa mwezi. Toa lenzi kwenye kamera, ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lake la kupitisha mwanga hadi mwisho. Washa tochi ya simu upande mmoja, tazama kwa upande mwingine, huku ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Punje chache za vumbi si neno. Hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe nyembamba zinazoanzia ukingoni na kugawanyika zikielekea katikati. Hiyo ni kuvu, na ukiiacha hutoa asidi inayochimba utando wa kioo, alama ambayo haifutiki tena. Itenge lenzi hiyo na nyingine, iende kwa fundi mapema. Usijaribu kuifungua mwenyewe kwa bisibisi ya simu.

Kinga yake si ghali. Kabati la umeme la kukaushia ni zuri kwa mwenye vifaa vingi, ila kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pande nne linafanya kazi ile ile. Weka ndani silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu ambacho hakizidi ukubwa wa kiberiti. Lenga kati ya asilimia 40 na 50. Chini ya 30 nako si kuzuri, mpira na grisi za lenzi hukauka.

Nunua silika jeli ya rangi ya chungwa, inayogeuka kijani ikishiba maji. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, ambayo ni sumu, na wewe utaipasha moto jikoni. Ikishashiba, imwage kwenye sufuria kuukuu juu ya sigiri yenye makaa yaliyofifia, uikoroge polepole mpaka rangi yake ya kwanza irudi. Moto mkali unazipasua punje. Iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, la sivyo itaanza kunywa hewa ya jikoni hapo hapo. Sufuria hiyo isipikiwe tena. Na mchele, ambao kila mtu atakushauri, uache uliwe: hunyonya kidogo sana na vumbi lake la wanga huingia kwenye pete za lenzi.

Jasho la kioo nalo ni unyevu. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, au ukitoka kwenye baridi ya alfajiri ya Kabale kuingia chumba chenye moto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa izoee joto. Mvua ikikukuta, kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, na mpira wa kufungia mbele ya lenzi vinakutosha. Kamera ikilowa kweli: zima, toa betri, toa kadi, pangusa, uiweke kwenye lile kopo lenye silika jeli siku moja au mbili. Usiiwashe kujaribu kama bado inafanya kazi. Kuiwasha ikiwa na maji ndiko kunakoiunguza.

Kusafisha kioo, kwa mpangilio

Vumbi la Karamoja au la barabara za murramu wakati wa kiangazi ni mchanga uliosagika. Ukilipangusa likiwa kavu, umelisaga kwenye kioo. Fuata mpangilio huu na usiruke hatua:

1. Elekeza kioo chini, upulize kwa pampu ya mpira ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka.
2. Kilichobaki kitoe kwa brashi laini isiyowahi kuguswa na vidole.
3. Dondosha tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa cha maikrofaiba, kamwe si kwenye kioo, kwa sababu hupenya ukingoni.
4. Anzia katikati, zunguka kuelekea nje, bila kukandamiza.

Nguo ya shati, karatasi ya chooni na dawa ya madirisha havina nafasi hapa. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo huacha mafuta. Vituo vya nyuma ya lenzi vipanguse kwa kitambaa kikavu. Mara nyingi ujumbe wa hitilafu kwenye skrini huishia hapo. Sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kama hujawahi kufundishwa, ipulizwe kwa pampu ya mkono tu. Makopo ya hewa ya kompyuta huirushia maji ya baridi.

Filta na hudi

Filta ya bei ya chini inaharibu picha ya lenzi ya bei ya juu. Kwa ulinzi wa kila siku napendelea hudi, lile bomba fupi la plastiki la mbele: lenzi ikigonga ukuta, hudi ndiyo inayopasuka, na jua la pembeni linazuiwa. Filta ya kulinda naiweka pale tu penye kurushiwa kitu, kama ukingoni mwa maporomoko ya Murchison ambako Nile inabanwa kwenye mwanya wa mita saba hivi na manyunyu hayaishi.

Filta ya kupunguza mng'ao, CPL, inafanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni mwako, na inakula mwanga stopu moja hadi mbili, kila stopu ikiupunguza nusu. Ukiingia ukumbini ivue. Isiachwe kwenye jua kali, maana utando wake wa ndani huharibika. Ikikwama kwenye lenzi, funga mpira wa mkono kuizunguka, ushike kwa vidole vyote bila kuminya, uizungushe. Kuminya kunaipinda na kuikaza zaidi.

Tripodi

Kunjua kwanza vipande vinene vya miguu, vyembamba viwe vya mwisho, na ile nguzo ya katikati ipandishe tu ukikosa namna. Kamera ikiwa juu yake, zima mfumo wa kutuliza mtikisiko, isipokuwa kitabu cha lenzi kinasema hauna haja. Upepo ukiwepo, ning'iniza begi kwenye ndoano ya katikati, liguse ardhi kidogo ili lisibembee.

Ukitoka mtoni au kwenye tope, fungua miguu yote, uioshe kwa maji safi, uiache ikauke ikiwa imekunjuliwa. Ukitoka Ziwa Katwe kule Kasese, fanya hivyo siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji kesho. Grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu inatosha, na kichwa cha tripodi chenye tufe linalozunguka kisipakwe mafuta kabisa.

Fleshi

Usiifyatue kwa nguvu kamili mfululizo wakati wa kukata keki. Inapata joto, na nyingi hujifunga zenyewe au kuyeyusha kioo cha mbele. Punguza nguvu hadi robo, ongeza ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), utapata mwanga ule ule na fleshi itadumu. Ile ya zamani ya filamu uliyorithi usiichomeke juu ya kamera ya dijitali kabla ya kupimwa. Baadhi hutoa zaidi ya volti 200 kwenye kiatu chake, yaani sehemu inayochomekwa juu ya kamera. Isiyotumika itolewe betri, na kila baada ya mwezi mmoja hivi iwashwe ifyatuliwe mara kadhaa ili kapasita yake isilale. Bwindi, mbele ya gorila, fleshi hairuhusiwi, kwa hiyo zima pia ile taa ndogo ya kusaidia kufokasi.

Begi na safari

Juu ya bodaboda, begi likae kati yako na dereva au kifuani, si kwenye keria ya nyuma. Mtikisiko hulegeza skrubu. Ukifika, kaza bamba la tripodi, mkanda na kiatu cha fleshi kabla ya kupiga picha ya kwanza. Ukienda Murchison, chagua begi la kijivu au la rangi ya mchanga: mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Ukisafiri kwa ndege kutoka Entebbe, betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila ruhusa ya shirika ni wati-saa 100 kwa betri moja, na unapata hesabu yake kwa kuzidisha volti na ampea-saa. Betri ya LP-E6N ya Canon, volti 7.2 mara 1.865, ni kama 13.4 tu. Pawabenki kubwa na betri za taa za video ndizo za kuangaliwa. Kati ya 100 na 160 uulize shirika kabla. Zote ziingie begi la mkononi, kila moja na kifuniko chake, tripodi iende chini.